Tutengeneze kinga yetu ao tununue mpya? Historia iko na jibu



Wiki mbili sasa tunabishana juu ya baiskeli ya kikundi, ile ya milima yenye fremu ya chuma. Mwezi uliopita mwenzetu alishuka nayo kwenye laga, breki zikakataa, akaangukia ndani ya miiba ya mathenge. Tangu siku hiyo wazee wa upande wa Kalobeyei wanangoja habari kwa mwendo wa miguu yetu. Mchango upo, lakini ni kidogo. Wengine wanasema tununue mpya. Wengine wanataka tufunge breki za diski na foku yenye springi. Kabla ya kupiga kura tumeona tuandike historia kidogo, sababu baiskeli ya milima yenyewe ilizaliwa na swali hili hili.

Twende California, Marekani, wilaya ya Marin, miaka ya 1970. Vijana wa huko walikuwa wananunua kwa bei ya kutupa baiskeli za miaka ya 1930 na 1940, hasa Schwinn Excelsior. Zilikuwa nzito, matairi manene ya inchi 26, bila gia. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma: unakanyaga pedali kinyumenyume. Kuanzia Oktoba 1976 wakashindana kushuka njia moja ya vumbi karibu na mji wa Fairfax. Habu ilipata moto mpaka grisi inaungua na kutoa moshi. Kufika chini, lazima uifungue na kujaza grisi upya. Ndiyo maana mashindano yaliitwa Repack, yaani kujaza tena.

Basi wakaanza kuboresha. Gary Fisher na wenzake walifunga gia, breki za ngoma na mikono ya breki ya pikipiki. Sasa waliweza hata kupanda mlima bila kusukuma. Lakini fremu ilibaki ile ile, iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za mjini. Ikawa inapinda na kuvunjika. Vipuri vizuri vimekaa juu ya mfupa mbovu!

Hapo ndipo Joe Breeze, mwaka 1977, alipotengeneza fremu mpya kabisa ya chuma cha kromoli, kwa kazi ya mlima tu. Ikaitwa Breezer. Mwaka 1979 Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey, na biashara yao wakaiita MountainBikes. Mwaka 1981 Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyoundwa kwa wingi huko Japani, kwa dola 750 hivi. Na ile inchi 26 ya baiskeli kuukuu ikabaki kuwa kipimo cha dunia kwa miaka mingi.

Tunajifunza nini? Wale vijana hawakutupa baiskeli kwa sababu ni ya zamani. Waliiacha fremu iliposhindwa kazi.

Tena kuna jambo lingine. Vipimo vimebadilika. Habu ya nyuma ya baiskeli kama yetu ina upana wa milimita 135, nyingi za sasa ni 148. Fremu yetu haina mahali pa kufunga breki za diski. Foku za kisasa nyingi haziingii kwenye shingo yake. Kwa hiyo kuifanya ya kisasa ni kununua kipuri kimoja na kulazimika kununua vitatu vingine.

Tulimwita fundi, tukafuta vumbi, tukaangalia viungo vyote vya fremu. Hakuna ufa. Kilichokufa ni mpira wa breki, waya, cheni, sproketi na gololi za krenki. Vyote vinapatikana sokoni, na gharama haifiki nusu ya bei ya mpya.

Pendekezo letu: tutengeneze vilivyokufa, tuanze na breki, diski na springi tuziache. Pesa inayobaki tuiweke. Kila mwezi tukague fremu, na siku ufa ukionekana, hapo hakuna ubishi tena, tununue.

Kura ni Jumamosi. Nyinyi mnasemaje? Mwenzetu aliyeanguka ndiye atakayepanda wa kwanza, basi tumfikirie yeye kwanza.