Wanawake wa Kimono: Sura Zilizobaki, Majina Yaliyofutwa

Mjini Buffalo, katika jimbo la New York, ipo nyumba ambayo msanifu majengo Frank Lloyd Wright alimjengea mfanyabiashara Darwin Martin kati ya mwaka 1903 na 1905. Wright alikuwa pia mkusanyaji na muuzaji wa picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao, na baadhi yake zilipamba nyumba hiyo.

Miongoni mwa aina mashuhuri za picha hizo ni bijinga, yaani picha za warembo. Leo Buffalo, kama ilivyo Columbus na Louisville, wamo wasemaji wa Kiswahili, wengi wao waliofika kama wakimbizi kutoka Kongo. Ajuaye kwamba kanga husema hatastaajabu akiambiwa kwamba kimono nayo husema.

Mikono mirefu inayoning'inia humtambulisha msichana asiyeolewa. Mshipi uliofungwa kwa mbele, badala ya mgongoni, ulikuwa alama ya kahaba wa daraja la juu wa Yoshiwara, mtaa uliozungukwa na handaki katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo. Wengi wao waliuzwa huko wangali watoto na wazazi mafukara, wakafungwa na deni. Hariri tunayoistaajabia ilikuwa sehemu ya deni hilo.

Kuanzia mwaka 1765, enzi ya Suzuki Harunobu, picha zilichapwa kwa rangi nyingi, kila rangi na ubao wake. Mchoraji alichora, mchongaji akachonga, mchapaji akachapa, na mchapishaji akauza.

Katika miaka ya 1790 Kitagawa Utamaro aliusogeza uso wa mwanamke karibu na mtazamaji. Hakuchora makahaba pekee. Aliwachora pia Okita na Ohisa, wasichana wa migahawa ya chai, na majina yao yakaandikwa kwenye picha. Mwaka 1793 watawala wakapiga marufuku kutaja majina ya wanawake wasiokuwa makahaba. Utamaro akayaficha majina ndani ya vitendawili vya michoro. Mwaka 1796 vitendawili navyo vikakatazwa. Mwaka 1804 alikamatwa kwa picha za mtawala wa zamani, Toyotomi Hideyoshi, akafungwa pingu siku 50. Alifariki mwaka 1806.

Kwa muda mrefu macho yaliyowatazama wanawake hao yalikuwa hasa ya wanaume. Uemura Shoen, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1875 na kulelewa na mama mjane muuza chai, alibadili hali hiyo. Aliwachora wanawake wakishona, wakicheza ngoma, wakiungua kwa wivu. Mwaka 1948 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Utamaduni ya Japani. Alifariki mwaka uliofuata.

Hivyo basi, mbele ya picha ya mrembo wa kimono, haitoshi kuuliza ni nani aliyeichora. Yafaa kuuliza pia aliyechorwa alikuwa nani, na ni nani aliyemkataza kutajwa.