Picha Isemayo: Somo la Uchoraji kutoka Katanga hadi Mweru

Katika shule nyingi somo la uchoraji huwekwa mwisho wa ratiba, na ziara ya wanafunzi huhesabiwa kuwa mapumziko tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba mambo hayo mawili ni shule kamili ya lugha.

Ushahidi wenyewe unatoka Katanga, eneo walikotoka wengi wa Wakongo waliovuka mpaka kuingia Zambia tangu Agosti 2017. Walipokelewa katika kambi ya muda ya Kenani, wilayani Nchelenge, na kuanzia mwaka 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala. Watoto wao walikuja na Kiswahili chao katika nchi ambamo lugha hiyo haimo miongoni mwa lugha saba za wenyeji zilizoteuliwa kufundishwa shuleni. Kibemba na Kiingereza hawana budi kujifunza, nazo zitawafaa. Lakini je, yale waliyoyaona watayasimulia kwa lugha gani?

Mwaka 1946, katika mji wa Elisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hakutaka vijana wake waige picha za Ulaya. Aliwataka watazame mimea, ndege na samaki wa nchi yao, kisha kila mmoja achore kwa namna yake. Humo walitokea Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, ambao kazi zao zilisifiwa mbali na kwao. Hivyo, jicho lilifunzwa kwanza, mkono ukafuata.

Jambo la tatu, yaani ulimi, lilidhihirishwa na mchoraji mwingine wa mji huohuo. Katika miaka ya 1973 na 1974, wakati Katanga ikiitwa Shaba, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja, akamsimulia maana yake mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Masimulizi hayo yalikuwa kwa Kiswahili cha Shaba, na kitabu chake kilitoka mwaka 1996. Watu wa Lubumbashi waliziita picha za namna hiyo ukumbusho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumkumbusha mtazamaji mambo yaliyopita na kumfanya aseme. Picha bila kauli ilikuwa nusu ya kazi.

Ufuko wa Mweru nao una mengi ya kutazamwa. Kusini ya Nchelenge, huko Mwansabombwe, kila mwaka mwishoni mwa Julai hufanyika sherehe ya Mutomboko, ambapo Mwata Kazembe hucheza ngoma ya kukumbuka safari ya Walunda kutoka magharibi hadi kuvuka mto Luapula. Mtoto aliyevuka mpaka jana ataona kwamba enzi nzima ilijengwa na watu waliovuka. Tena ataambiwa kwamba David Livingstone alipofika kwa Kazembe mwezi Novemba 1867, alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mtu wa misafara ya pwani. Kiswahili basi si mgeni wa jana katika njia hizo.

Yatupasa nini, walimu wenzangu? Ziara isiishie njiani, wala picha isiishie ukutani. Mwanafunzi atazame, achore, kisha asimame mbele ya wenzake aieleze picha yake. Mwalimu ayaandike maneno yake kama yalivyotamkwa, bila kumkatiza kwa masahihisho. Siku ya pili darasa lilinganishe maneno hayo na Kiswahili Sanifu, yote mawili yakiheshimiwa. Wala haifai kumlazimisha mtoto achore vita au safari aliyoikimbia. Akichora samaki, na tumsikilize habari za samaki.

Karatasi na mkaa hupatikana hata penye uhaba. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuuliza, "Hapa umechora nini?" na kungoja jibu.