Cho Bong-am: Waziri Aliyenyongwa na Jamhuri Yake

Katika Wakorea waliopigania uhuru dhidi ya Wajapani, kisha wakashika madaraka nchi ilipokuwa huru, sijui mwingine ambaye bahati ilimgeukia kama Cho Bong-am. Alizaliwa mwaka 1899 kisiwani Ganghwa, akafungwa kwa kushiriki maandamano ya uhuru ya 1919, na mwaka 1925 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kikomunisti cha Korea. Wajapani walimnasa Shanghai mwaka 1932, wakamtia gerezani Sinuiju, mpakani mwa Manchuria, ambako baridi ilimla ncha za vidole, naye akatoka na mikono hiyo hiyo akaja kula nayo kiapo cha uwaziri.

Maana mwaka 1946 alikwisha kujitenga hadharani na Wakomunisti, na mwaka 1948 Rais Syngman Rhee, asiyewapenda kabisa watu wa asili hiyo, akampa wizara ya kilimo. Mkulima wa Korea alikuwa tangu dahari akilima shamba la kabaila na kumkabidhi nusu ya mavuno, aghalabu zaidi. Sheria ya ardhi iliyoanza kutungwa chini ya Cho, ingawa ilipita yeye keshaondoka wizarani, iliwekea kila kaya mpaka wa hektari 3 hivi, na mpangaji akalimiliki shamba kwa kulipa asilimia 30 ya mavuno ya mwaka, kwa miaka 5. Kwa rai yangu, hilo lilizidi hotuba zote za wakati ule.

Mwaka 1956 aligombea urais akinadi kuungana na Kaskazini kwa amani, ilhali Rhee akihubiri kuiteka kwa silaha. Mpinzani mkuu, Shin Ik-hee, akafa ghafla garimoshini siku 10 kabla ya uchaguzi. Cho akapata kura milioni 2 na ushei, na kura hizo ndizo zilizomponza. Januari 1958 alikamatwa kwa tuhuma za ujasusi. Mahakama ya kwanza ilimpa kifungo cha miaka 5. Ya rufani ikahukumu kifo, japo shahidi mkuu alikwisha kuyakana maneno yake. Ombi la kusikilizwa upya lilikataliwa tarehe 30 Julai 1959, na kesho yake akanyongwa.

Rhee mwenyewe aliangushwa Aprili 1960. Kesi ya Cho ilingoja hadi Januari 2011, Mahakama ya Juu ilipomfutia hatia ya ujasusi kwa kauli moja, ikisema kwamba maofisa wa jeshi waliomhoji yule shahidi hawakuwa na mamlaka ya kumchunguza raia.