Wali wa mboga wa mitaani Mumbai: Siri yake ni kupoza kabla ya kukaanga

WALI uliolala si jambo geni katika nyumba za Dar es Salaam. Kwa miaka mingi kiporo kimekuwa kifungua kinywa cha watoto kabla ya kwenda shule na cha watu wazima kabla ya kwenda kazini, kikikaangwa kwa kitunguu au kikiliwa hivyo hivyo kwa chai ya rangi. Katika jiji la Mumbai nchini India, wali wa namna hiyo, yaani uliokwisha kupikwa na kupoa, ndio unaoanzia moja ya vyakula maarufu vya mitaani, kinachojulikana kwa jina la tawa pulao.

Kwa wakazi wa Mikocheni na vitongoji vingine vya Wilaya ya Kinondoni, chakula hiki hakihitaji safari ya mbali. Mboga zake ni zile zile zinazopangwa kwenye magenge ya mitaani, viungo vyake vingi ndivyo vinavyotiwa katika pilau ya sikukuu, na gharama yake ni nafuu kwa kuwa hakina nyama. Kinachohitaji uangalifu ni hatua moja ambayo aghalabu hupuuzwa, nayo ni kupoza wali. Hatua hiyo ndiyo huamua iwapo punje zitaachana au zitashikana, na ndiyo huamua pia iwapo chakula kitakuwa salama kwa mlaji.

Asili ya chakula

Tawa ni kikaango bapa cha chuma. Katika nyumba za Wahindi hutumika kuchomea chapati, lakini mitaani Mumbai huwa kikubwa kiasi cha kuchukua sehemu kubwa ya meza ya muuzaji. Juu yake hupikwa kwanza pav bhaji, rojo la mboga zilizopondwa linaloliwa kwa mikate midogo laini. Neno pav lenyewe lina asili ya Kireno na maana yake ni mkate, kumbukumbu ya Wareno waliotawala maeneo ya pwani ya magharibi ya India. Masimulizi ya jiji hilo, ambalo hadi mwaka 1995 liliitwa Bombay, huhusisha pav bhaji na wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliohitaji mlo wa haraka na wa bei ndogo.

Muuzaji wa pav bhaji huwa tayari na siagi, nyanya, mboga zilizochemshwa, viungo na chuma kilichopata moto. Akiongeza wali uliopoa, hupata chakula cha pili kwa vifaa vile vile na kwa dakika chache tu. Ndiyo sababu vyakula hivi viwili huuzwa pamoja, ikiwa ni pamoja na kwenye fukwe mashuhuri za Juhu na Chowpatty.

Majina pulao na pilau ni ndugu, yote yakiwa yamepitia lugha ya Kiajemi. Hata hivyo, mapishi yake hayafanani. Katika pilau ya Pwani, mchele mbichi huiva ndani ya supu yenye viungo na kunywa ladha yote. Katika tawa pulao, mchele huchemshwa peke yake, hupozwa, kisha huchanganywa na rojo lililokwisha kuiva. Mpishi anayelipokea pishi hili kwa mazoea ya pilau huishia kupata bokoboko.

Mchele unaofaa

Wauzaji wa Mumbai hupendelea mchele wa Basmati, ambao punje zake hurefuka zaidi kuliko kunenepa zinapoiva. Mchele huo hupatikana katika maduka makubwa ya Mikocheni na katika maduka ya viungo ya katikati ya jiji, hususan maeneo ya Kisutu, ambako jamii ya Wahindi imekuwa na makazi, biashara na mahekalu kwa muda mrefu.

Mchele wa nyumbani nao unafaa. Supa, ambao baadhi ya wakulima huuita Supa India, una punje ndefu na harufu nzuri. Mchele mpya kutoka shambani hushikana zaidi kuliko uliokaa ghalani kwa miezi kadhaa, hivyo ni vema kumuuliza muuzaji umri wa mchele wake kabla ya kununua.

Mahitaji kwa watu 4 hadi 5

Mchele vikombe 2, karoti 1, kiazi mviringo 1 kikubwa, njegere nusu kikombe, pilipili hoho 1, vitunguu maji 2, nyanya 3 zilizoiva sana, vitunguu saumu punje 8, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, pilipili kavu nyekundu 4, binzari nyembamba kijiko 1 cha chai, mafuta ya kula vijiko 2 vya mezani, siagi vijiko 2 vya mezani, ndimu 1, majani ya giligilani fungu 1, na chumvi kwa kadiri ya mlaji.

Kiungo kikuu ni mchanganyiko wa pav bhaji, ambao huuzwa katika pakiti. Asiyeupata anaweza kuutengeneza kwa giligilani kavu vijiko 2 vya mezani, binzari nyembamba kijiko 1 cha mezani, shamari kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, kipande kifupi cha mdalasini, karafuu 4, iliki 3 na pilipili kavu 2. Vyote hukaangwa bila mafuta kwa moto mdogo hadi harufu itoke, husagwa, kisha huongezwa nusu kijiko cha chai cha binzari ya manjano. Nchini India mchanganyiko huu hutiwa pia unga wa embe bichi lililokaushwa ili kuleta ukali wa uchachu. Ndimu inayokamuliwa mwishoni hufanya kazi hiyo hiyo.

Kuchemsha na kupoza

Mchele huoshwa hadi maji yawe meupe, huloweshwa kwa dakika 20 hadi 30, kisha huchujwa. Maji mengi, yasiyopungua vikombe 10, huchemshwa pamoja na chumvi, na mchele hutiwa yanapotokota. Basmati iliyoloweshwa huhitaji dakika 7 hadi 8, wakati Supa yaweza kuhitaji zaidi kidogo. Punje ikibanwa kati ya vidole viwili inapaswa kukatika kwa urahisi ikiwa bado na kiini kidogo kigumu. Hapo wali humwagwa kwenye chujio mara moja.

Kosa la kawaida ni kuuacha wali huo ndani ya sufuria yenye mfuniko. Mvuke unaobaki huendelea kuuivisha na kuulainisha. Njia iliyo bora ni kuutandaza kwenye sinia pana, kwa unene usiozidi sentimita 3, na kuupepea au kuuweka karibu na feni. Katika dakika 20 hadi 30 unyevu wa juu hukauka na punje huachana. Wali unaotakiwa kwa matumizi ya siku inayofuata hutiwa kwenye vyombo vifupi vyenye mifuniko na kuingizwa kwenye jokofu.

Hatari ya kiporo

Ukavu wa punje ni faida moja tu ya sinia. Mchele mbichi aghalabu hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali unapoachwa katika hali ya uvuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na baadhi yake hutoa sumu. Sumu inayosababisha kutapika haiharibiwi na moto wa jikoni. Kwa sababu hiyo, wali uliokwisha kuingia sumu hauwezi kuokolewa kwa kukaangwa upya, hata kama utatoka moshi, na mara nyingi hautoi harufu wala ladha yoyote ya kumtahadharisha mlaji.

Dalili za kutapika huanza kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula, na aina nyingine ya ugonjwa huo huleta maumivu ya tumbo na kuharisha baadaye. Wengi hupona ndani ya siku moja, lakini watoto wadogo, wazee na wagonjwa huweza kudhoofika haraka kwa kupoteza maji mwilini, na hao wanapaswa kupelekwa kituo cha afya mapema.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika kanuni zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, kihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5 au juu ya nyuzi joto 60, na kipashwe hadi nyuzi joto 70. Dar es Salaam, ambako kati ya Desemba na Machi joto la mchana hufikia nyuzi 31 au 32, muda huo wa saa 2 ni ukomo wa kuheshimiwa. Sufuria nzima ya wali wa moto ikiingizwa kwenye jokofu haitatui tatizo, kwani katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi.

Kutayarisha rojo

Pilipili kavu huloweshwa katika maji ya moto kwa dakika 15, kisha husagwa pamoja na vitunguu saumu. Wapishi wa Mumbai hupenda pilipili ya Kashmir, yenye wekundu mwingi na ukali mdogo. Pilipili kavu za masoko ya hapa huwa kali zaidi, hivyo ni busara kutoa mbegu zake kwanza. Kiazi na karoti hukatwa vipande vidogo vya mraba na kuchemshwa pamoja na njegere hadi viive bila kupondeka.

Mafuta na nusu ya siagi hupashwa katika kikaango kipana. Binzari nyembamba hutangulia, na ikianza kupasuka hufuata vitunguu vilivyokatwakatwa. Vikilainika huongezwa tangawizi na ile pilipili iliyosagwa na saumu, kisha hoho. Nyanya hutiwa pamoja na chumvi na kupondwapondwa kwa mwiko kwa dakika 6 hadi 8, hadi mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hatua hii haiharakishwi, kwa kuwa maji ya nyanya yakibaki ndiyo yatakayoulowesha wali.

Vijiko 2 vya chai vya mchanganyiko wa viungo hutiwa sasa na kukorogwa kwa dakika moja. Viungo vikianza kushika chini, kijiko kimoja au viwili vya maji hutosha. Baada ya hapo huingizwa zile mboga zilizochemshwa.

Kuchanganya wali

Ubora wa tawa ni upana wake. Mvuke hutoka upesi na kila punje hugusa chuma chenye moto. Sufuria yenye kina huuzuia mvuke, na ndani yake wali huchemka badala ya kukaangika. Kwa mwenye kikaango cha kawaida, suluhisho ni kupika nusu ya wali kwa nusu ya rojo, kisha kurudia.

Moto huongezwa, wali uliopoa hutawanywa juu ya rojo na kugeuzwa kutoka chini kwenda juu kwa mwiko bapa, bila kukorogwa. Dakika 4 hadi 5 hutosha, lakini kwa wali uliotoka kwenye jokofu ni lazima kuhakikisha moto umefika kila mahali na mvuke unatoka kote. Siagi iliyobaki, maji ya ndimu na majani ya giligilani humalizia pishi.

Wasiokula vitunguu

Baadhi ya wafuasi wa dini ya Kijaini hawali vitunguu wala mazao yanayochimbwa ardhini kama viazi na karoti. Mapishi yao ya pav bhaji hutumia ndizi mbichi badala ya kiazi, mbadala ambao ni rahisi kupatikana Dar es Salaam. Kabichi iliyokatwa nyembamba na maharage machanga huweza kushika nafasi ya karoti.

Mezani, tawa pulao huambatana na mtindi uliochanganywa na tango lililokunwa, chumvi na binzari nyembamba iliyokaangwa. Papadi na achari ya embe huongeza utamu wake.

Kubeba na kuhifadhi

Kwa wanaofungasha chakula cha mchana, wali huu hutiwa ukiwa wa moto kabisa ndani ya hotpoti iliyotangulia kusuuzwa kwa maji ya moto. Chombo cha plastiki kisichohifadhi joto, kikikaa kwenye mkoba kuanzia asubuhi hadi saa 7 mchana, huurudisha wali katika uvuguvugu unaopendwa na bakteria.

Uangalifu zaidi unahitajika umeme unapokatika. Tanzania imepitia vipindi vya mgawo wa umeme, vikiwamo vya mwaka 2006, 2011 na 2023, na hata bila mgawo hitilafu za usiku hutokea. Jokofu lililojaa na lisilofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 4. Umeme ukikosekana zaidi ya hapo, wali uliokuwamo hutupwa. Vivyo hivyo, wali huu ukishakaangwa na kubaki haufai kuwekwa tena kwa ajili ya kesho, kwani tayari umepoa na kupashwa mara moja. Ni nafuu kuchemsha vikombe 2 vya mchele kwa watu 5 na sahani zikarudi tupu, kuliko kuchemsha vinne na kubahatisha kiporo.