Santo Domingo: Wilaya Iliyosikia Sauti ya Aliaye Nyikani



Juma hili tunawaalika tuvuke bahari kwa fikra hadi Visiwa vya Karibi, kwenye kisiwa cha Hispaniola ambacho leo kimegawanyika kati ya nchi mbili: Haiti upande wa magharibi na Jamhuri ya Dominika upande wa mashariki. Mji mkuu wa nchi hii ya pili ni Santo Domingo, na kitovu cha mji huo ni wilaya iitwayo Distrito Nacional, yaani Wilaya ya Taifa. Kusini yake kuna bahari, mashariki unapita mto Ozama, na kaskazini mto Isabela. Sheria ya mwaka 2001 iliipunguza, vitongoji vingi vikawekwa katika mkoa mpya, lakini sensa ya 2022 bado ilihesabu humo watu zaidi ya milioni moja.

Tumeichagua wilaya hii kwa sababu ndani yake liliulizwa mapema sana swali linalomhusu kila mbatizwa: je, mtu aweza kuhudhuria Misa Takatifu huku akimkandamiza jirani yake?

Mji ulianzishwa na Bartholomew Columbus, nduguye Christopher, katika miaka ya mwisho ya karne ya 15, kwenye ukingo wa mashariki wa Ozama. Mwaka 1502 tufani iliubomoa, na gavana Nicolás de Ovando akauhamishia ukingo wa magharibi, ulipo hadi leo. Huko zikachongwa barabara zilizonyooka na kujengwa hospitali ya Mtakatifu Nikolasi wa Bari, ambayo magofu yake yangalipo. Mwaka 1511 Papa Julius II aliufanya mji huu kuwa makao ya askofu. Kanisa kuu la mawe, lililo la kwanza katika Amerika yote, lilitabarukiwa mwaka 1541. Mwaka 1990 eneo hilo la kale liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Hata hivyo, mawe hayo mazuri yana historia chungu. Wenyeji wa kisiwa, Wataino, waligawiwa walowezi wa Kihispania wawachimbie dhahabu na kuwalimia mashamba. Kazi, njaa na maradhi viliwamaliza kwa maelfu. Watawa Wadominikani waliofika mwaka 1510 waliyaona hayo. Chini ya mkuu wao, Pedro de Córdoba, walifunga, wakasali, wakaandika mahubiri kwa pamoja na kuyatia saini wote. Kisha wakamchagua ndugu yao Antonio de Montesinos ayatoe.

Ilikuwa Dominika ya Nne ya Majilio, tarehe 21 Desemba 1511. Wakubwa wa mji walikuwapo, akiwemo gavana Diego Colón, mwana wa Christopher Columbus. Montesinos alianza na maneno ya Yohane Mbatizaji juu ya sauti iliayo nyikani, kisha akawaambia wazi kwamba wako katika dhambi ya mauti kwa ukatili wao. Akawauliza kama Wataino si watu wenye roho na akili, na kama wao hawakuamriwa kuwapenda kama nafsi zao.

Baada ya Misa wakubwa walikwenda kwa hasira kwenye nyumba ya watawa. Walidai kwamba Dominika ifuatayo mhubiri akanushe maneno yake. Dominika ilipofika, kanisa lilijaa. Montesinos akapanda mimbarini na kuyarudia yale yale kwa mkazo zaidi, akaongeza kwamba wasiotubu hawataondolewa dhambi katika kitubio. Shauri lilifika kwa mfalme, na Desemba 1512 zikatungwa Sheria za Burgos. Zilipunguza ukali, lakini ule mfumo wa kugawa watu haukufutwa.

Hapa historia yatudai ukweli zaidi. Tangu mwanzoni mwa karne hiyo Waafrika walikuwa wakiletwa kisiwani kama watumwa. Bartolomé de las Casas, aliyetuhifadhia habari za mahubiri yale, aliwahi kushauri waletwe wengine ili kuwapunguzia Wataino mzigo. Baadaye aliujutia ushauri huo na kuyaandika majuto yake. Wakati wa Noeli ya 1521, miaka kumi baada ya Montesinos kuhubiri, Waafrika waliasi katika shamba la miwa karibu na mji. Mwenye shamba alikuwa Diego Colón, yule yule aliyeyasikia mahubiri kwa masikio yake. Maasi yalizimwa kwa umwagaji damu, na mwezi Januari 1522 zikatolewa sheria kali za kuwabana watumwa.

Jaribu hilo lilirudi katika karne ya 20. Dikteta Rafael Trujillo alishika madaraka mwaka 1930, na mwaka 1936 mji ukapewa jina lake: Ciudad Trujillo. Kwa miaka mingi viongozi wa Kanisa walipatana naye, na mwaka 1954 mkataba na Vatikani ulitiwa saini. Lakini Januari 1960, magereza yakiwa yamejaa, barua ya maaskofu ya kutetea haki za binadamu ilisomwa makanisani. Trujillo aliuawa tarehe 30 Mei 1961, na mwaka huo huo mji ukarudishiwa jina lake la kale.

Leo, ufukweni, imesimama sanamu kubwa ya Montesinos, zawadi ya Mexico ya mwaka 1982, mkono ukiwa mdomoni kama mtu apazaye sauti kuelekea baharini. Katika wilaya hiyo hiyo, kandokando ya Ozama, wako maskini wa mitaa kama La Ciénaga na Los Guandules, ambao mvua kubwa ikinyesha maji huingia majumbani mwao.

Wapendwa, watu wa Santo Domingo walisikia mahubiri makali, wakarudi mashambani mwao. Nasi tujichunguze juma hili: mfanyakazi wetu wa nyumbani, kibarua wetu wa shamba, je, mshahara wake umelipwa? Anapata nafasi ya kupumzika na kusali? Tukiwa na deni kwake, tulilipe kabla ya Dominika ijayo, ndipo tuje altareni pamoja naye.

Mungu awabariki nyote.