Chembe sahani: namba inayochelewa kupanda

Mtoto akilazwa kwa homa ya dengi, ambayo Tanzania huitwa pia kidingapopo, majibu ya maabara huja na herufi tatu zinazowakosesha wazazi usingizi: PLT. Hizo ni chembe sahani za damu. Jina limetokana na umbo lake, kwani zikiwa zimetulia zinafanana na visahani vidogo mno. Wapo wanaoziita vigandisha damu, kwa kuangalia kazi: mshipa ukijeruhiwa, hukusanyika, hushikana na kuziba tundu. Jina hili la pili linaeleweka upesi, ila humfanya mzazi adhani kwamba chembe zikipungua, damu haitaganda kabisa. Sivyo, kuganda hutegemea pia protini zilizomo katika maji ya damu.

Kwa kawaida mtu huwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Mashine nyingi huandika kwa maelfu, kwa hiyo 62 maana yake ni 62,000. Virusi vya dengi hudhoofisha uboho wa mifupa zinakotengenezwa chembe hizo, na zilizomo mwilini nazo huharibiwa haraka.

Tuseme mtoto ana 140 siku ya tatu ya homa. Siku ya tano homa imeshuka, anaomba uji, lakini karatasi inasema 62. Kesho yake 48. Mzazi hushangaa: anapona au anazidiwa? Hapo ndipo daktari anapoangalia mstari mwingine, HCT, yaani kiwango cha seli nyekundu katika damu. Kikipanda huku chembe sahani zikiporomoka, maji ya damu yanavuja kutoka mishipani, na uvujaji huo ndio unaoua watoto wengi kuliko damu kutoganda. Saa 24 hadi 48 baada ya homa kushuka ndizo za kukesha: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi, ulegevu au kukosa mkojo ni dalili za kumwita daktari mara moja.

Kwa kuwa hatari kubwa ni uvujaji, mtoto asiyetokwa na damu na ambaye mzunguko wake wa damu ni imara haongezewi chembe sahani eti kwa kuwa namba ni ndogo. Aspirini na ibuprofeni hazifai. Homa hutulizwa kwa parasetamoli.

Uvujaji ukikoma, hamu ya kula hurudi na mkojo huongezeka kwanza. Seli nyeupe hupanda, kisha chembe sahani hufuata: 71, halafu 85. Mzazi atauliza mbona mtoto anaruhusiwa kabla ya kufika 150. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haudai afike huko. Unataka homa iwe imetoweka kwa saa 48, HCT itulie bila dripu, hali ya mtoto iwe nzuri, na chembe sahani ziwe zinapanda.