Kijiko Kisicho cha Uji

Huku kwetu Majengo ukitaja barafu watu wanafikiria vitu viwili tu: ile ya mfukoni wanayofyonza watoto, na ile inayomwagwa juu ya samaki pale sokoni. Kwamba kuna binadamu anatembea juu ya ziwa lililoganda, anatoboa tundu, anakaa kwenye kigoda na kutumbukiza kijiko cha chuma akimngoja samaki aje akiume, hiyo ukiisema kijiweni utaambiwa umeanza tena. Lakini ndivyo wafanyavyo Ufini, Sweden, Kanada na kaskazini ya Marekani. Na mimi nadai, anayebisha abishe, kwamba uvuvi huo ni ndugu wa damu wa uvuvi wa mgebuka tunayemkaanga hapa hapa Majengo.

Kwanza kijiko chenyewe. Ni bamba la chuma, shaba au bati nene, limepindwa kidogo kama kijiko kilichokatwa mpini, juu lina tundu la mshipi na chini limening'iniza ndoano. Wamarekani wana hadithi yao. Wanasema kijana mmoja wa Vermont, Julio Buel, alikuwa akila ndani ya mtumbwi, kijiko kikamponyoka, kikazama kikimetameta, na samaki mkubwa akakirukia. Hadithi tamu, tena tamu mno. Inanikumbusha lile tunda la Newton. Kisicho na ubishi ni kwamba mwaka 1852 Buel huyo alipewa hati ya serikali ya kumiliki ubunifu wa kijiko cha kuvulia.

Sasa sikiliza kwa nini barafu inakifanya kijiko kiwe elimu. Mvuvi wa kwenye barafu hawezi kurusha mshipi mbali. Ana tundu moja, na njia ni moja: juu na chini. Kwa hiyo siri yote imo katika kule kushuka. Kijiko chembamba na kizito huenda chini upesi, hicho ni cha kina kirefu. Kilicho kipana na chepesi huyumba kama jani la mwembe linalodondoka, hicho ni cha maji mafupi. Samaki wengi huuma kijiko kikiwa kinashuka, hivyo mkono lazima ukifuate chini. Ukiulegeza mshipi kabisa, samaki ataonja na kutema wewe hujui kitu. Halafu maji ya baridi humfanya samaki awe mzito kama mtu aliyeshiba makande, basi mvuvi naye hupunguza mbwembwe: anainua shubiri moja au mbili, anaachia, anatulia. Fimbo yake ni fupi, pengine haifiki hata mita, kwa sababu amekaa juu ya tundu lenyewe. Mshipi ni mwembamba maana maji chini ya barafu yametulia na samaki anaona.

Juu na chini, juu na chini. Nenda sasa Ziwa Tanganyika usiku usio na mbalamwezi. Zamani taa zilikuwa karabai, siku hizi za betri. Dagaa wanaifuata taa, na mgebuka anawafuata dagaa. Wengi wao huzolewa kwa nyavu, lakini wapo wavuvi wanaoshusha mshipi mmoja wenye ndoano nyingi zisizo na chambo chochote cha kuliwa, wakiuinua na kuushusha chini ya mwanga. Mgebuka anadhani ni dagaa wanaokimbia. Chuma kinachocheza kimemdanganya, sawasawa na yule wa Ufini. Tofauti ni kwamba mwenzetu wa Kigoma hana kigoda, ana mawimbi.

Historia tuliyokaririshwa darasani haina ndoano ndani yake. Ina Burton, ambaye alipita Ugogo mwaka 1857 akilalamikia kila kitu, akafika Ujiji Februari 1858. Mwalimu anaishia hapo. Lakini katika kitabu chake cha 1860 Burton huyo huyo aliwataja samaki wa Ujiji kwa majina yao, dagaa akiwamo. Maana yake soko lilikuwepo, na wavuvi wenye ujuzi wao walikuwepo kabla hajabisha hodi. Majina ya wavuvi hao hatunayo. Mgebuka mwenyewe alipoingizwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1914 alipewa jina la daktari wa Kibelgiji, Stappers, aliyeongoza uchunguzi wa ziwa lile kati ya 1911 na 1913. Aliyeanza kumdanganya samaki huyo kwa chuma kitupu hakupewa hata nukta.

Mwaka huo huo wa 1914 reli ya kati ilifika Kigoma. Dodoma ilikuwa imeipata mwaka 1910. Wajerumani waliijenga kwa shabaha zao, lakini gunia la dagaa halina itikadi: lilipanda behewani. Ndiyo maana mji huu wa nyanda kavu, unaopata mvua kwa miezi michache tu ya mwaka, unajua ladha ya ziwa lililo mbali kiasi kile. Na ndiyo maana Tanzania na majirani zake walipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti 2024, ili samaki wapumue, jambo hilo lilituhusu na sisi tusio na ziwa.

Tuna mabwawa, lakini. Hombolo ni la miaka ya 1950. Mtera lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu. Mtambo wake lenyewe wa megawati 80 ulikuja 1988. Ukame wa miaka ya 1990 ulipotuletea mgao wa umeme, mjini tulihesabu saa za giza. Kule Mtera watu walihesabu pia samaki, maana bwawa likisinyaa, anayekuja na kokoro anakomba hadi vitoto. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zinalikataza kokoro, lakini bado linatafutwa, kwa sababu kijana aliyetoka hapa mjini bila mtaji anataka kurudi na ndoo leo, si mwakani. Simlaumu haraka. Ila namwambia kwamba mshipi ni mtaji mdogo kuliko wavu, na haukombi.

Atumie mshipi gani? Hapa sitaki kumdanganya mtu kwa mapenzi yangu ya vijiko. Perege anakula mwani na vijidudu. Kijiko kwake ni takataka, yeye mpe ndoano ndogo na donge la ugali. Na duka la ndoano lina hesabu ya kinyumenyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, kwa hiyo anayedai "namba kubwa" anarudi na kitu cha kuvulia vidagaa. Kambale anasaka kwa sharubu na harufu, usiku, mle matopeni; mpe utumbo au mnyoo, chini kabisa, na chubwi la kutosha. Kijiko kina kazi kwa samaki anayewinda kwa macho, kama yule mwenye meno ya msumeno wa bonde la Ruaha na Rufiji, ambaye wataalamu walimtambua kuwa wa aina yake mwaka 1986 na kumwita jina la Tanzania. Huyo kwake nailoni ni tambi, funga waya shubiri moja juu ya kijiko.

Maji yakiwa na tope baada ya mvua, chagua shaba iliyogongwagongwa nyundo, inatikisa maji hata isipoonekana. Yakitakata, bati jeupe. Na ndoano iwe moja, si ile ya matawi matatu wanayoipenda Wazungu: Mtera lilizamisha miti, na visiki vyake hunasa chuma kuliko samaki.